Bunduki Inarudishwa Ghalani, Mafunzo Je?

Tangu enzi za KAR, vijana wengi wa Kikurya kutoka Tarime na Serengeti wamepitia kambi za jeshi, na wengi walipigana Vita vya Kagera, 1978–79. Baada ya vita, silaha zilizotoka Uganda zikaingia kwenye wizi wa ng'ombe. Mishale ikapisha bunduki. Je, lawama ni ya kambi? Hebu tuwe wakweli: askari wengi walirudi nyumbani wakalima, wakafuga, wakalinda vijiji. Aliyeiba alichagua mwenyewe. Ila jamani, taifa linalomfundisha kijana kulenga shabaha, kisha likamwacha arudi mikono mitupu, lina deni. Na deni hilo mara nyingi hulipwa na jirani mwenye zizi.