Wingu la Maneno na Haki ya Msemaji



Ndugu zangu wanafunzi, siku hizi ni nadra kuhudhuria semina ya utafiti bila kuoneshwa wingu la maneno. Mtoa mada hubonyeza kitufe, na ukutani hujitokeza rundo la maneno ya rangi mbalimbali, mengine makubwa kama kichwa cha habari cha gazeti, mengine madogo kiasi kwamba aliyekaa nyuma hayaoni. Kanuni yake ni nyepesi. Programu hupitia maandishi, huhesabu kila neno limetokea mara ngapi, kisha hulipa neno ukubwa kulingana na hesabu hiyo. Lililorudiwa sana hukaa katikati likiwa nene. Lililotokea mara moja husukumwa pembeni au huachwa kabisa.

Jambo lenyewe si geni sana. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Stanley Milgram alichapisha ramani ya Paris ambayo majina ya maeneo yaliandikwa kwa ukubwa unaolingana na wingi wa watu walioyataja. Mwaka 2008 Jonathan Feinberg alitoa programu iliyoitwa Wordle, na tangu hapo yeyote mwenye kompyuta aliweza kutengeneza wingu lake. Leo limeingia katika tasnifu zetu, katika ripoti za mashirika, na hata katika mijadala ya dini, ambako mtu humimina tafsiri nzima ya Qur'ani ndani ya programu na kutangaza kwamba hicho ndicho kitabu kinachosema.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia, nalo ni swali la maadili zaidi kuliko la kompyuta. Je, ni uadilifu kuyahukumu maneno ya msemaji kwa kile alichokirudia mara nyingi? Mimi naona si uadilifu, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Waliohesabu kabla yetu

Kwanza tuondoe shaka moja. Kuhesabu maneno si dhambi wala si bidaa ya wazungu. Wanahistoria wa sayansi za Qur'ani wanasimulia kwamba tangu zama za al-Hajjaj bin Yusuf, katika karne ya kwanza ya Hijra, wasomaji walikusanywa wahesabu herufi za Msahafu. Hesabu ya aya 6,236 tunayoikuta katika misahafu mingi ni hesabu ya watu wa Kufa, na miji mingine ilikuwa na hesabu zake kwa sababu walitofautiana aya fulani iishie wapi. Karibu na zama zetu, Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri alitoa mwaka 1945 faharasa yake mashuhuri ya maneno ya Qur'ani, ambayo kila mwanafunzi wa tafsiri anaijua.

Lakini tazama walihesabu kwa lengo gani. Wa kwanza walihesabu ili kuhifadhi, isipotee hata herufi moja. Abd al-Baqi alihesabu ili kukurudisha kwenye aya: unatafuta neno, anakuonesha kila mahali lilipo, sura na aya, na kipande cha maneno yanayolizunguka. Faharasa inakwambia "nenda ukasome". Wingu la maneno linakwambia "umeshaona, inatosha". Zote mbili zinatumia hesabu ileile, ila moja inakupeleka kwa msemaji na nyingine inakuruhusu umpite.

Yanayopotea ndani ya wingu

Chukua majina ya mitume. Nabii Musa ametajwa kwa jina katika Qur'ani mara 136. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametajwa kwa jina hilo mara 4 tu, na mara moja kwa jina la Ahmad. Anayeamini wingu atasema kwamba kitabu hiki kinamhusu Musa, na Muhammad yumo kwa mbali. Sisi tunaosoma tunajua kwamba Muhammad ndiye anayezungumzishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Yumo katika "wewe", yumo katika amri ya "sema" inayokuja zaidi ya mara 300. Mtu unayezungumza naye ana kwa ana humwiti kwa jina kila dakika. Na viwakilishi kama "wewe" ndivyo ambavyo programu hizi huviondoa kabla ya kuanza kuhesabu.

Hilo la kuondoa linahitaji maelezo. Programu nyingi huja na orodha ya maneno yanayodhaniwa hayana uzito: viunganishi, viwakilishi, maneno ya kukanusha. Yasipoondolewa, wingu zima litajaa "na", "ya" na "kwa". Ni utaratibu unaoeleweka. Sasa ipitishe kalima ya Tauhidi katika chujio hilo. Uzito wake wote umebebwa na vijineno viwili: "la", linalokanusha kila kinachoabudiwa, na "illa", linalombakisha Allah peke yake. Ondoa hivyo viwili na kinachobaki ni neno "mungu" kando ya jina la Allah, jambo ambalo hata washirikina wa Makka wasingelipinga. Vita yao yote na Mtume ilikuwa juu ya vijineno ambavyo programu inaviona ni vumbi.

Katika Kiswahili tatizo linachukua sura nyingine. Sisi hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe. "Anasoma", "hasomi", "tusome" na "hawajasoma" ni maneno manne kwa kompyuta, ingawa kwetu ni jambo moja limegeuzwa. Ukiandika insha nzima juu ya kusoma, kitenzi chako kinaweza kumeguka vipande ishirini na kisionekane kabisa, huku nomino moja isiyo na maana kubwa ikijaa ukumbi.

Kisha yako mambo makubwa yaliyotajwa mara moja. Jina la mwezi wa Ramadhani limo katika Qur'ani mara moja tu, katika Sura al-Baqara aya ya 185. Hakuna wingu litakalolionesha, na hakuna Mwislamu asiyejua kwamba mara hiyo moja imebadilisha mwaka mzima wa umma. Sura al-Baqara yenyewe ina aya 286, na habari ya ng'ombe iliyoipa jina imo katika aya chache kuanzia ya 67. Nyuki aliyeipa jina Sura an-Nahl ametajwa mara moja. Na Sura al-Ikhlas, ambayo Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa inalingana na theluthi ya Qur'ani, haina neno "ikhlas" ndani yake hata mara moja. Majina haya yametufundisha tangu madrasa kwamba uzito wa maneno haupimwi kwa wingi, ila pengine hatukukaa tukalitafakari.

Mfano wa mwisho ni wa hatari zaidi. Aya ya 32 ya Sura al-Maida inaeleza kwamba kuua nafsi moja pasipo haki ni kama kuua watu wote. Kitenzi cha kuua kimo humo mara mbili. Katika hesabu ya mtu anayetafuta "maneno ya umwagaji damu", aya hii inaongeza mawili upande wa mashtaka, ilhali ni miongoni mwa aya kali kabisa za kulinda uhai.

Lakini kurudia kuna maana

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: mbona Allah (S.W.) anarudia? Katika Sura ar-Rahman lile swali juu ya neema za Mola limekuja mara 31 ndani ya aya 78. Na imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akirudia neno mara tatu ili lifahamike. Je, kurudia si dalili ya umuhimu?

Ni dalili. Ndiyo maana sikusema wingu ni upuuzi. Mtu anayesoma mahojiano mia moja ya utafiti anaweza kuona humo jambo ambalo jicho lake lilipita bila kulishika, kisha akarudi kulisoma. Lakini swali la Sura ar-Rahman halina nguvu kwa sababu tu ya idadi yake. Lina nguvu kwa sababu kila linaporudi linakuja baada ya neema nyingine au onyo jingine. Lichomoe lote uliweke rundo moja, na utabaki na idadi bila hoja.

Sisi wenyewe tumo

Ni rahisi kuwalaumu wanaotengeneza mawingu ili kutushambulia. Tazama basi tunavyojibu. Tunasambaza ujumbe kwamba neno "siku" limo katika Qur'ani mara 365, na watu wanaandika "Subhanallah" bila kuuliza ni maumbo gani ya neno yaliyohesabiwa na yapi yaliachwa ili idadi itimie. Ni ugonjwa uleule kwa nia njema: tunaifanya idadi iwe shahidi wa Qur'ani, tukisahau kwamba shahidi huweza kugeuka akawa hakimu.

Na imeshatokea. Rashad Khalifa, Mmisri mtaalamu wa baiokemia aliyeishi Marekani, katika miaka ya 1970 alivutia Waislamu wengi kwa madai kwamba kompyuta imegundua mpangilio wa namba 19 katika Qur'ani. Wengi walifurahi. Baadaye aya mbili za mwisho za Sura at-Tawba, ya 128 na ya 129, hazikukubaliana na hesabu yake. Badala ya kuiacha hesabu, akasema aya hizo si sehemu ya Qur'ani, kisha akajidai mjumbe wa Mwenyezi Mungu. Aliyeanza kwa kuitetea Qur'ani kwa namba akaishia kuipunguza kwa namba.

Aliyesema mara moja

Nisingeandika haya yote kama jambo lingekuwa la vitabu pekee. Tunawafanyia watu hivyohivyo. Muhula uliopita viongozi wa jumuiya moja ya wanafunzi ninayoifahamu waliwaomba wanachama waandike kwenye karatasi mahitaji yao, ili fedha za michango zipangiwe matumizi. Majibu yakaingizwa kwenye kompyuta, wingu likatoka, likachapishwa bango. "Ada" ilikuwa kubwa, ikifuatiwa na "intaneti" na "chakula". Maji ya udhu yalilalamikiwa na wengi, lakini hayakuonekana, kwa sababu wengine waliandika "maji", wengine "amazzi" kwa Kiganda, wengine kwa Kiingereza, na kompyuta ikaona mambo matatu madogo.

Lililonigusa zaidi ni jingine. Dada mmoja alikuwa ameandika sentensi moja: mlango wa sehemu ya udhu ya wanawake hauna komeo, kwa hiyo yeye haji tena kuswali pale. Hakuna neno hata moja la sentensi ile lililoonekana kwenye bango. Ilijulikana kwa sababu katibu alizichukua karatasi akazisoma moja baada ya nyingine usiku mzima. Komeo liligharimu kidogo kuliko kuchapisha bango.

Najua kiongozi ana kazi nyingi, na karatasi ni nyingi. Lakini katika dini yetu kuna sura nzima inayoitwa al-Mujadila, kwa sababu mwanamke mmoja, Khawla bint Tha'laba, alikuja kumlalamikia Mtume (S.A.W.) jambo la mume wake. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa ndani ya nyumba ileile na baadhi ya maneno ya Khawla hakuyasikia. Allah aliyasikia, na hukumu iliyoteremka ikawaondolea wanawake wote dhulma ya dhihari. Ilikuwa sauti moja, ya chini, isiyosikika hata chumbani. Kama tunataka kujifunza uongozi, tuanzie hapo.

Tufanye nini?

Sisemi tuzifute programu. Nasema tuziweke mahali pake. Soma maandishi kwanza, kisha tengeneza wingu, na ukishaona neno kubwa rudi kwenye sentensi zake uone lilisemwaje. Angalia orodha ya maneno yaliyoondolewa kabla hujaikubali, kwa sababu mtu fulani aliamua kwa niaba yako kipi hakina uzito. Ukitumia tafsiri, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, kumbuka kwamba unahesabu maneno ya mfasiri. Kama unaandika tasnifu, usiliweke wingu mahali pa uchambuzi. Aliyekupa saa moja ya mahojiano anastahili zaidi ya kuhesabiwa.

Na kipimo hicho tuwape hata wasiotupenda. Sura al-Maida aya ya 8 inatukataza chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Ikiwa hatutaki kitabu chetu kihukumiwe kwa rundo la maneno yaliyokatwa, tusifanye hivyo kwa vitabu vya wengine, wala kwa hotuba ya mpinzani wetu katika uchaguzi wa chuo.

Neno ni amana ya aliyelisema. Haki yake ya kwanza ni kusikilizwa hadi mwisho, pamoja na vijineno vyake vidogo.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno na kufuata yaliyo mema zaidi. Wallahu a'lam.