Funika Sikio, Shusha Sauti

Wanangu mpendao muziki, leo nataka tuzungumze juu ya hedifoni. Sina ugomvi na nyimbo zenu wala na vijana kusikiliza muziki. Maisha yangu ya kazi nimeyatumia katika vyumba vya kurekodia, hedifoni kichwani, nikiwasikiliza wapigaji wa dansi na wa taarab, na hadi leo sijaona starehe inayopita wimbo mzuri unaosikilizwa kwa utulivu. Kwa sababu hiyo hiyo nataka mfike umri wangu mkiwa bado mnasikia.

Ninachokiona madukani kinanitia hofu. Kijana anaingia, anauliza swali moja tu: "Hizi zina besi?" Muuzaji anapandisha sauti hadi mwisho, kijana anatikisa kichwa, analipa, anaondoka. Hakuuliza kama zitambana baada ya saa moja. Hakuuliza kama mito yake inapatikana ikichakaa. Hakuzisikiliza kwa sauti ndogo hata kidogo, na hapo ndipo penye siri yote ya chombo hiki.

Shikeni neno langu hili: hedifoni za kufunika zimetengenezwa ili usikie vizuri huku sauti ikiwa chini. Anayezitumia kupandisha sauti ameigeuza faida yake kuwa hasara.

Hedifoni kubwa, zile zinazozunguka sikio lote, ni za namna mbili. Za wazi zina matundu nyuma ya vikombe, hivyo hewa na sauti hupita pande zote. Muziki wake una nafasi, kana kwamba wapigaji wamekaa mbele yako, lakini kelele ya nje inaingia na jirani anasikia wimbo wako. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyofikisha hedifoni za wazi sokoni kwanza, mwaka 1968, kwa aina iliyoitwa HD 414. Za kufunika ni zile ambazo kikombe kimezibwa nyuma na mto wake unalifunika sikio. Muziki unabaki ndani, kelele inabaki nje. Studio tunazipenda hizi kwa sababu mwimbaji akizivaa, mdundo anaousikia hauvuji ukaingia kwenye maikrofoni.

Mwenye chumba kimya cha peke yake, na azichukue za wazi. Lakini wengi wenu mnaishi penye jenereta, feni, televisheni ya sebuleni na sabufa ya jirani, na mnasafiri kwa daladala na matatu. Kwenu nyinyi, za kufunika ndizo zinazofaa. Injini ya basi inaponguruma, mkono wako unapandisha sauti ya simu wenyewe, bila wewe kufikiri, ili muziki uishinde injini. Kikombe kilichofunika vizuri kinapunguza ule mngurumo kabla haujafika sikioni, na haja ya kupandisha inapungua. Beyerdynamic, watengenezaji wa DT 770 PRO, hedifoni iliyozoeleka sana studio, wanasema yao hupunguza kelele ya nje kwa takribani desibeli 18, kipimo cha nguvu ya sauti. Hicho si kiasi kidogo, na hesabu yake naifanya hapa chini.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hofu. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatika nusu. Kwa desibeli 83 umebaki na saa 20 kwa wiki nzima. Kwa 86, saa 10. Kwa 89, saa 5. Kwa 92, saa mbili na nusu. Kwa 95, saa moja na robo, muda ambao wengi wenu mnaumaliza katika safari moja ya kwenda kazini na kurudi. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kwa starehe kama hizi. Sasa rudini kwenye zile desibeli 18: mtu ambaye hedifoni zimemwezesha kushuka hata pungufu ya hizo, kutoka 95 hadi 80, amejiongezea muda wa salama kutoka saa moja na robo hadi saa 40.

Kwa nini nasisitiza hivi? Ndani kabisa ya sikio mna mfereji uliojizungusha, uitwao koklea, wenye seli zipatazo 15,000 zilizoota vinyweleo vidogo mno. Hizo ndizo zinazoigeuza mitetemo kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Kelele inazichosha, ikizidi inaziua. Ndege akipoteza seli hizi huota nyingine. Binadamu haoti. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; ukuta wa sikio haujengeki tena.

Na ufa wenyewe hauonekani mapema. Nilimjua fundi mmoja hodari, mpenzi wa kusikiliza kwa sauti ya juu usiku kucha. Miaka ilivyokwenda, nyimbo alizochanganya zikaanza kuwa kali. Matoazi yalichoma, na kila mwimbaji alipofika kwenye "s" masikio yetu yalikereka. Tulipomwambia, akashangaa, kwa maana yeye hakusikia ukali wowote. Alikuwa anaziongeza sauti nyembamba ili azipate mwenyewe. Madhara ya kelele huanzia huko, kwenye mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde, wakati sauti nene bado zinasikika vizuri. Ndiyo sababu mtu anasikia kwamba umemsemesha lakini hajui kama umesema "saa" au "faa", akaanza kukuuliza mara kwa mara, "Umesemaje?" Ukivua hedifoni ukasikia mlio masikioni, au sauti za watu zikawa kama zinatoka chumba cha pili, usijidanganye kwamba ni uchovu. Umeonywa.

Sasa niwafundishe kuchagua. La kwanza ni kukaa vizuri kichwani, na nalitanguliza mbele ya besi, mbele ya rangi na mbele ya jina la kampuni. Hedifoni isiyokaa vizuri haifuniki, isiyofunika inavujisha besi, na besi ikivuja utapandisha sauti kuitafuta. Ukizivaa dukani, weka wimbo wenye gitaa la besi linalosikika wazi, kisha vibonyeze vikombe polepole kwa viganja. Besi ikiongezeka sana ghafla, ujue pana mwanya. Mara nyingi mwanya huo unatokana na mikono ya miwani, misuko minene, au mtandio uliopita kati ya mto na sikio. Mvaa miwani atafute mito laini na minene inayoukumbatia mkono wa miwani. Binti anayevaa hijabu ajaribu kuzivaa ndani ya mtandio uliolegezwa kidogo. Kitambaa kikikaa katikati, hata hedifoni ya bei kubwa itasikika kavu.

Zivae dukani kwa muda usiopungua dakika 20. Muuzaji akikunja uso, mwambie kwa adabu kwamba unanunua kitu cha kukaa nacho miaka. Katika dakika hizo chunguza mambo manne. Je, upinde unakuchoma utosini? Je, vikombe vinakubana taya? Je, sikio lako lote limeingia ndani ya mto, au ncha yake inagusa spika? Je, umeanza kutoka jasho? Kinachokusumbua kidogo dukani kitakusumbua sana nyumbani. Uzito nao ni muhimu: Sony MDR-7506 zina gramu 230, DT 770 PRO gramu 270, Audio-Technica ATH-M50x gramu 285 bila waya. Tofauti hiyo huisikii mkononi, shingo inaisikia baada ya saa mbili.

Juu ya mito, kumbukeni joto letu la pwani. Mito ya ngozi ya bandia inafunika vizuri na inaipa besi uzito, ila inahifadhi jasho, na kwenye joto na unyevunyevu huanza kubanduka magamba meusi yanayobaki mashavuni. Mito ya kitambaa cha mahameli inapumua na haichomi, lakini inaruhusu kelele kidogo zaidi na inanyonya jasho. Yoyote utakayochagua, uliza kabla ya kulipa: mito inatoka, na mingine inapatikana? Hedifoni yenye spika nzima na mito iliyokufa inafufuliwa kwa mito mipya. Waya nao uulizie. Wa M50x unachomoka na kubadilishwa. Wa 7506 umeunganishwa moja kwa moja, ukikatika unahitaji fundi mwenye kujua kulehemu.

Wanaonunua aina za studio ili wazichomeke kwenye simu wasome omu zilizoandikwa, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. DT 770 PRO, kwa mfano, zipo za omu 32, 80 na 250. Simu haina nguvu ya kuzisukuma za 250 ipasavyo. Zitasikika hafifu nawe utalaumu hedifoni. Chukua za omu chache.

Katika kupima muziki wenyewe, nenda na wimbo unaoujua kama unavyoijua sauti ya mama yako. Ukiwa wa taarab, zitafute fidla, kanuni na kodiani, kila kimoja mahali pake, na besi ikitembea chini bila kuvifunika. Ukiwa wa dansi, litenganishe gitaa la solo na la ridhimu, sikiliza tumba kama ni mkono unaogusa ngozi au ni mvumo tu. Vikombe vilivyozibwa vina tabia ya kuvimbisha besi, na besi iliyovimba inafurahisha dakika tano kisha inachosha. Wekeni akilini na jambo hili ambalo wauzaji wanalifahamu: kati ya hedifoni mbili, ile inayosikika kwa nguvu zaidi itaonekana bora hata kama si bora. Sikio letu pia linazipata sauti nene kwa shida muziki ukiwa chini. Kwa hiyo zilinganishe kwa sauti iliyo sawa, na iwe ya chini. Inayopendeza hapo ndiyo yako.

Zipo pia hedifoni zinazofuta kelele kwa umeme. Maikrofoni zake hunasa mngurumo wa nje, kisha chombo kinatoa wimbi lililo kinyume chake, yote mawili yanauana. Amar Bose, mhandisi wa Marekani, alipata wazo hilo akiwa safarini kwa ndege mwaka 1978, na kampuni yake ikawauzia marubani mwaka 1989. Zinafaa sana kwa mngurumo usiobadilika, kama wa injini au jenereta, na hazifai sana kwa makelele ya watu. Mwenye uwezo na anayesafiri sana na azinunue, mradi akumbuke kwamba zina betri, na betri huzeeka. Na asidanganyike na nembo: aina zinazopendwa ndizo zinazoghushiwa zaidi, na hedifoni feki yenye maandishi ya kampuni kubwa ni mbaya kuliko ya bei ndogo isiyojificha.

Mkishanunua, yapo maonyo mawili. La kwanza, kuna kipimo kimezoeleka: aliye pembeni yako akisikia wimbo wako, umezidisha sauti. Kwa hedifoni za kufunika kipimo hicho ni bure, kwa sababu hazivujishi. Unaweza kuwa unaliumiza sikio lako na aliyekaa nawe kiti kimoja asijue. Basi jipimeni wenyewe. Wekeni sauti mkiwa chumbani penye kimya, isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu kama Shirika la Afya linavyoshauri, kisha tokeni nayo hiyo hiyo bila kuigusa.

La pili, barabarani zivueni. Masikio ndiyo macho ya kisogoni, na bodaboda haiji kwa mbele siku zote. Kuvuka barabara au njia ya mabasi masikio yakiwa yamezibwa ni kumkabidhi dereva uhai wako. Na nyumbani, msijifunike hata mama akiita mara tatu hamjaitika.

Zitunzeni pia. Pangusa jasho kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, usiziache juani wala ndani ya gari lililofungwa, na usiazime ovyo kitu kinachogusa masikio. Kila saa moja zivue kidogo, sikio lipumzike.

Asiye na fedha mwezi huu asione kwamba nasaha hii si yake. Chukua hedifoni ulizonazo, shusha sauti hatua mbili chini ya ulipozoea, uiache hapo kwa wiki nzima. Siku ya kwanza wimbo utaonekana mdogo. Vumilia. Sikio litazoea, nawe utaanza kuvisikia vyombo ambavyo kelele ilikuwa inavimeza. Anza leo, kwa wimbo uupendao kuliko zote, na umfundishe na mdogo wako.