Dereva Amekubali Nini?

Nchini Marekani, anayeomba kazi ya udereva wa lori huyaweka maisha yake mezani. Akishatoa idhini ya maandishi, kampuni inaweza kuona ajali zake za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3. Sioni ubaya. Lori lililojaa hufikia tani 36 hivi, na barabara ni ya wote.

Ila kampuni nayo inamwonyesha nini dereva? Sheria za usafirishaji haziilazimishi kumwambia malori yake mangapi yamezuiwa kwa breki mbovu, wala mara ngapi madereva wake wamekutwa wamepitisha saa 11 za usukani zinazoruhusiwa.

Mtu atasema: rekodi ziko kwenye intaneti, atafute mwenyewe. Baadhi zipo kweli. Lakini mwishoni mwa 2015 Bunge la nchi hiyo liliagiza alama za kulinganisha usalama wa kampuni za mizigo ziondolewe machoni pa umma. Anayetafuta hukuta idadi ya makosa, bila alama hizo za kulinganisha. Na hata yote yangekuwa wazi, ruhusa ya kutafuta si haki ya kuambiwa. Anayejua ngazi imeoza hamwachi mpandaji aligundue hilo kwa mguu wake.

Ajali ikitokea, tunasema dereva alikubali hatari ya kazi. Alikubali ipi? Mtu hukubali anachokijua, asichokijua ametwishwa. Ukurasa mmoja wa ukweli kabla ya saini ungetosha kuanzia.