Mlango wa Kuinama



Bwana wetu alipowatuma wale sabini (Luka 10) hakuwaruhusu kuchukua mfuko wala mkoba. Aliwaagiza waingie nyumbani mwa watu na kula walichoandaliwa. Basi safarini hatuendi kama watoaji tu. Twaenda kupokea pia, na jambo hili latushinda wengi wetu.

Sisi tuliokaribishwa chai na wenyeji huko Japani twaujua ugumu wake. Chumba cha chai cha desturi ya kale kina mlango mfupi mno, nawe huingii ila kwa magoti. Desturi hii yahusishwa na Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa chai aliyekufa mwaka 1591. Askari mwenye cheo aliuacha upanga wake nje, akaketi mkekani pamoja na mfanyabiashara.

Miongoni mwa wanafunzi wa Rikyu alikuwapo Mkristo, Takayama Ukon. Alikuwa mtawala, akapoteza nchi yake kwa kukataa kuikana imani. Mwaka 1614 alihamishwa kwenda Manila, akafa huko mwaka uliofuata. Yeye alikitumia chumba cha chai kwa sala. Hatushangai. Aliyezoea kuinama mlangoni amekwisha kuanza kusali.

Ndani hakuna haraka. Mwenyeji hufuta vyombo mbele ya wageni, ingawa ni safi tangu mwanzo, kisha huvuruga unga wa majani ya chai ya kijani katika maji ya moto. Ukipewa bakuli, kwanza unamwomba radhi jirani yako kwa kumtangulia. Halafu unaligeuza kidogo, usinywe upande wake ulio mzuri. Chai ile nzito hunywewa na wote katika bakuli moja, kila mmoja akifuta ukingo kwa ajili ya mwenzake. Sisi tunaopokea kikombe kimoja madhabahuni, tungewezaje kukaa pale kama watazamaji, kamera machoni?

Magoti huuma, hatufichi! Wenyeji wanajua. Mwaka 1872, wakati wa maonyesho ya Kyoto, mwalimu mmoja wa chai alitunga utaratibu mpya wa meza na viti, ili wageni wa nchi za nje wasioweza kukaa mkekani wanywe nao. Mwenye nyumba naye aliinama.