Utumwa Uliojificha Nyuma ya Mji Safi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, twataka kukuuliza suali moja katika kurasa hizi, nawe ulifikiri kabla hujatujibu. Mji wa Singida hufagiliwa asubuhi, na taka za majumbani na za sokoni huchukuliwa zikatupwa mbali. Wewe watoa ada ya taka, wapewa stakabadhi, na ua wako wawa safi. Je, ikiwa miongoni mwa mikono iliyochukua taka zako upo mkono wa mtu asiye huru, wewe una lawama au huna? Na mwenye kampuni aliyepewa kazi ile akisema, "Mimi sikujua," je, neno hili latosha kuwa udhuru?

Watu wa Singida hawafai kuliona suali hili kuwa la mbali. Njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Kilimatinde, katika nchi ya Manyoni, ikaingia pori la Mgunda Mkali. Katika njia hiyo walipita wachukuzi wa pembe, wakapita na watu waliofungwa minyororo. Wala tusijifiche: miongoni mwa walionunua watu na kuwauza walikuwamo watu wa dini yetu, waliokuwa wakisali na kufunga. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897. Na huku Tanganyika ukakatazwa kwa sheria ya mwaka 1922. Tangu hapo hapana awezaye kusimama mbele ya hakimu akasema, "Huyu ni mali yangu." Lakini jina laweza kufa, na jambo lenyewe likabaki limevaa jina jingine. Leo haliitwi utumwa. Laitwa deni, laitwa kibarua, laitwa kumsaidia mtoto wa ndugu.

Hapa yatupasa kupambanua, kwani asiyepambanua hudhulumu pande mbili. Kazi ya taka si utumwa kwa sababu ina harufu. Kuondoa udhia njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani, basi aifanyaye kazi hiyo ni mtu wa heshima, wala hafai kuonewa kinyaa. Wala ujira mdogo peke yake si utumwa, ijapokuwa waweza kuwa dhulma. Asiye huru hujulikana kwa alama nyingine: hawezi kuondoka akitaka, ujira wake u mikononi mwa mwingine, kitambulisho chake kimefungiwa katika sanduku la mwingine, deni lake halipungui hata akitumika mwaka mzima, na akisema neno hutishwa. Alama hizi zikikutana kwa mtu mmoja, mwite utakavyo, yeye ni mtumwa.

Na tupige mfano ili jambo lidhihiri. Mvua ikikosa katika vijiji vya Iramba au vya Ikungi, mtama hunyauka na alizeti hukauka, na ghala huwa tupu. Hapo huja mtu mwenye maneno matamu, akawaambia wazazi, "Nipeni kijana wenu, mjini iko kazi." Singida ni mmoja katika mikoa ambayo watoto wake wengi wametolewa hivyo, hasa wasichana wapelekwao Dar es Salaam kwa kazi za nyumbani, na njia iliyomchukua msichana yaweza kumchukua na kaka yake. Kijana huyu afikapo mjini huambiwa kwamba nauli ni deni, viatu vya mpira ni deni, ugali ni deni, na pahali pa kulala ni deni. Hupewa mkokoteni apite nyumba kwa nyumba, au hupelekwa jaani, wenyewe huliita dampo, aokote chupa za plastiki na vyuma chakavu. Alichookota hupimwa kwa mizani ya yule yule aliyemkopesha, na mwenye mizani ndiye mwenye daftari. Kijana hakusoma hata akaweza kuihakiki hesabu ile. Mwezi ukiisha, deni limekua.

Sasa tazama ni watu wangapi wamesimama kati yako na kijana huyu. Halmashauri hutoa zabuni, na kampuni huipata. Kampuni humpa mtu wa pili mitaa kadhaa. Mtu wa pili humpa msimamizi wa vibarua. Na msimamizi ndiye amjuaye kijana kwa jina. Upande wa pili, chupa zilizookotwa huuzwa kwa mnunuzi mdogo, naye humwuzia mkubwa, mpaka zikafika kiwandani. Wafanya biashara wa leo huuita mpango huu mnyororo wa ugavi. Kila mmoja katika mnyororo huo ana stakabadhi ya aliye karibu naye, wala hapana mwenye stakabadhi ya kijana.

Wala usidhani kuwa haya ni ya nchi maskini tu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2015, inayozitaka kampuni ambazo mapato yake ya mwaka yafika pauni milioni 36 zitangaze kila mwaka zimefanya nini kuzuia utumwa katika kazi zao na kwa wale waziuziao vitu. Hata hivyo, mwaka 2019 ilidhihirika katika mahkama ya Birmingham kwamba genge moja lilikuwa likiwaleta watu maskini kutoka Poland, na polisi walikadiria kuwa walikuwa zaidi ya mia nne. Walitumikishwa mashambani na katika vituo vya kuchambulia taka. Ujira wao ulilipwa, lakini uliingia katika akaunti za benki zilizoshikwa na genge lile. Zingatia jambo hili, msomaji. Karatasi ya mshahara ilisema kweli, na mkono wa aliyetoka jasho ulikuwa mtupu.

Tena mwaka 2020 forodha ya Marekani ilizuia glavu za mpira za kampuni moja kubwa ya Malaysia, kwa kuwa wafanya kazi wake waliotoka nchi nyingine walikuwa wamefungwa na madeni ya ada walizotozwa na mawakala ili wapate kazi. Kampuni ile ikawarudishia watu fedha zao, na mwaka 2021 zuio likaondolewa. Twapata hapa mafunzo mawili. La kwanza, mtu aweza kununua glavu ili amkinge mchukua taka wake, kumbe glavu yenyewe imeshonwa na dhulma. La pili, mnunuzi akikataa kupokea, mwuzaji husikia, na haki ya mnyonge hurudi.

Turudi kwenye suali letu: asiyejua ana lawama? Twasema, kutojua ni kwa namna mbili. Yuko asiyejua kwa kuwa jambo lilifichwa naye alilitafuta asilione. Huyu Mwenyezi Mungu hamkalifishi asichokiweza. Na yuko asiyejua kwa kuwa hakutaka kuuliza, au aliona aliye chini si mtu wa kuulizwa khabari zake. Huyu kutojua kwake amekuchagua mwenyewe, na mtu huhesabiwa kwa alichokichagua.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba palikuwa na mtu akiufagia msikiti wa Mtume, na katika mapokezi mengine ni mwanamke mweusi. Akafa, na Masahaba wakamzika bila ya kumwambia Mtume, kana kwamba jambo lake waliliona dogo. Mtume alipomkosa aliuliza. Alipoambiwa kwamba amekufa, aliwalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia. Tazama: yeye ndiye aliyeuliza, hakungoja kuletewa khabari. Mfagiaji alipokosekana, pengo lake lilionekana. Je, meneja wa kampuni yetu, siku kijana wa mkokoteni asipoonekana, huuliza yuko wapi? Nasi wenye nyumba, je?

Akisema mtu, "Kijana alikubali mwenyewe, na nyumbani kwao pana njaa, afadhali hapa," tutamjibu: mwenye njaa hukubali lo lote, na kukubali kwake hakumfanyi kuwa bidhaa. Imepokewa kwa Bukhari hadithi inayowataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Na mwingine ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Wawili hawa wamewekwa pamoja katika hadithi moja, nasi twaona sababu: anayekula jasho la mtu amekula sehemu ya mtu mwenyewe. Na watunga sheria wa dunia nao wamesema mfano wa hayo, kwani katika itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Tanzania ni mshirika wake, kukubali kwa aliyesafirishwa kwa hila au kwa nguvu hakuhesabiwi kuwa hoja.

Na akisema mwingine, "Mji wetu ni maskini, ada ni ndogo, tukidai yote haya taka zitalala njiani," tutamjibu: kama bei ya usafi haimtoshi mfanya kazi ujira wake, basi bei ile ni ya uongo, na kilichopungua mtu fulani amekilipa. Aliyekilipa ni yule kijana. Halmashauri ikimpa zabuni aliyetaja bei ndogo kuliko wote, bila ya kuuliza vibarua watalipwa nini, imemfungulia dalali mlango kwa mkono wake.

Basi la kufanya ni nini? Sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kazi ya kulazimishwa, na yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na aliyefika umri huo asipewe ila kazi nyepesi isiyomdhuru, wala jaa la taka si kazi nyepesi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ni ya mwaka 2008. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Mwenye kampuni na afanye haya. Kwanza, masharti aliyoyakubali yeye yamfuate kila aliye chini yake mpaka kwa msukuma mkokoteni, na amjue kila mmoja kwa jina. Pili, mtu asitozwe kitu kwa kupewa kazi, na vifaa vya kazi viwe juu ya mwajiri. Tatu, ujira ufike mikononi mwa aliyefanya kazi, naye aulizwe faraghani kama umemfikia. Nne, kitambulisho kikae kwa mwenyewe. Tano, iwepo mizani asiyoishika mkopeshaji. Sita, awepo mtu wa kupokea mashtaka asiye msimamizi, na mshitaki asifukuzwe. Na akionekana mtoto, asifukuzwe njiani akaangukia kwa dalali mwingine, bali arudishwe kwao na shuleni, na nauli ilipwe na aliyefaidika naye.

Nasi wenye nyumba tusijitoe. Asubuhi mkokoteni ufikapo mlangoni, mwulize kijana jina lake, na nani humlipa, na lini alilipwa mwisho. Maneno haya hayana gharama. Pengine atanyamaza kwa hofu, na kunyamaza kwake kukawa jawabu. Basi usimkabili msimamizi mbele yake, asije akaadhibiwa kwa ajili yako, bali lipeleke jambo kwa afisa wa kazi au ustawi wa jamii. Wazee wetu waliokaa kando ya njia ya Kilimatinde waliwaona watu wakipita na minyororo shingoni, na mnyororo ule ulikuwa wa chuma, mtu hawezi kusema hakuuona. Wetu umeandikwa katika daftari la deni, hauonekani ila kwa anayeuliza. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaouliza, wala asitujaalie kuwa miongoni mwa waliosafisha nyumba zao kwa dhulma. Amin.