Mdudu wa Pangoni na Haki ya Mfugaji

Wako watu katika Ulaya, Marekani na Asia wafugao isopodi, kijidudu wa jamaa ya kaa ambaye wazee wake waliiacha bahari wakahamia nchi kavu. Ana miguu 14, na hata leo huvuta hewa kwa viungo mfano wa matamvua ya samaki. Kwa hiyo ukavu humuua. Mmoja wa jenasi ya Cubaris hutoka katika mapango ya mawe ya chokaa ya Thailand. Uso wake ni wa manjano, umetokeza kama mdomo wa bata, ndiyo sababu wafugaji wakamwita Rubber Ducky, yaani bata wa mpira. Alipata bei kabla hajapata jina la kisayansi.

Kumtunza si kazi ya mzaha. Hutaka unyevu usiokoma na hewa ipitayo, majani makavu, mbao zilizooza, na chokaa ya kujengea gamba. Hujivua gamba hilo kwa nusu mbili, ya nyuma kwanza, kisha ya mbele. Mwenye pupa ya kumshika wakati huo humdhuru. Jike huchukua mayai katika mfuko chini ya kifua, na watoto wake ni wachache. Wala hana shukrani: hamjui bwana wake, haji akiitwa, na mchana hujificha. Naona uangalizi hupimwa hapo vizuri zaidi kuliko kwa mbwa, ambaye hutulipa kwa mkia.

Lakini usafi wa sanduku haujibu swali la asili yake. Uadimu ndio umtamanishao mnunuzi, na tamaa hiyo huuzidisha uadimu. Yapasa kuyaita mapenzi?

Yuko atakayesema kwamba kufungwa kumepata kuokoa. Ni kweli. Isopodi wa Socorro, New Mexico, alikuwa na makao katika chemchemi moja tu ya maji ya uvuguvugu. Mwaka 1988 maji yalipokatika makao yakakauka, na waliokuwa wakitunzwa na wataalamu ndio waliorudishwa. Hao, lakini, waliwekwa ili warudi.

Mfugaji wa bata wa mpira hawezi kujitetea hivyo. Aweza kununua waliozaliwa kifungoni tu, na hilo nalihesabu kuwa wajibu, si hisani. Hata hivyo watoto wakizidi hana pa kuwarudisha, maana jina aliloliuziwa halitaji pango walikotoka wazee wao.