NASAHA KWA MWENYE KUMEZA DAWA



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (s.a.w.), napenda kukukumbusheni jambo lililotokea hapa petu Hadado. Mzee mmoja mfugaji wa ngamia alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza: "Sheikh, nguo iliyoingia jasho jekundu yafaa kusalia?"

Nikamtaka khabari yake. Akasema aliugua homa na maumivu ya viungo muda mrefu. Daktari akamwambia ni bruselosi, maradhi yatokanayo na maziwa yasiyochemshwa, akampa dawa mbili za kuua vijidudu, doksisaiklini na rifampisini, azimeze wiki 6. Siku ya nne akaona mkojo umekuwa mwekundu, akadhani ni damu, akaziacha zote.

Jawabu la sala ni jepesi. Jasho ni tohara, na rangi ya dawa hailigeuzi. Mkojo ni najisi kama ulivyokuwa jana, rangi yoyote iwayo. Lakini kosa la mzee wetu halikuwa katika nguo. Lilikuwa katika kuacha dawa kabla ya kuuliza. Rangi ile ni ya rifampisini yenyewe. Huingia katika mkojo, jasho na machozi, wala haina dhara. Bali mwenye kuikatiza dawa kwa khofu, maradhi huweza kumrudia.

Ndugu zangu, mwili ni amana, na dini yetu yatuamrisha tuwaulize wenye kujua. Basi ulizeni kabla ya kumeza. Doksisaiklini huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha. Tena huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na jua la kwetu mnalijua. Mchungaji na ajifunike. Ikimezwa kwa maji kidogo kisha mtu akalala, huweza kuchoma umio. Basi imezeni kwa maji mengi, na mkae wima baada yake. Tetrasaiklini, iliyo ya ukoo huohuo, hupungua nguvu ikimezwa pamoja na maziwa. Kwa hiyo mwulizeni mganga wakati wa kunywa maziwa. Mwenye mimba, na mwenye mtoto mdogo, wasikose kujieleza, kwani dawa za ukoo huu huharibu rangi ya meno ya watoto.

Yako na madhara yasiyongojewa. Uso au midomo ikivimba, pumzi ikibana, macho yakigeuka manjano, au ngozi ikitoka malengelenge, acha dawa na ukimbilie hospitali saa ileile. Hapo kungoja si subira, ni kujitia katika maangamizo.

Na mgonjwa akiambiwa kuwa saumu itamdhuru, asione haya kufungua. Sharia imempa rukhusa, naye atalipa siku nyingine.

Mzee yule alirudi kwa daktari asubuhi yake, akaanza tena. Nami nikamwusia neno moja la mwisho, nanyi nawausieni: chemsheni maziwa. Kwani ni faida gani kutibiwa wiki 6, kisha kurudia kibuyu kilekile kilichotuuguza?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.